Bobby Jones: Alitawala gofu bila kulipwa, akautumikia mchezo hadi mwisho

Jumamosi jioni ukipita Kongoni, Sango au popote pale Likuyani, hukosi kuona uwanja wa shule umejaa vijana wanaosakata kabumbu. Na kando ya uwanja hukosi kumwona mtu mmoja mwenye filimbi shingoni. Huyo ndiye aliyeenda kwa mwalimu mkuu kuomba uwanja. Ndiye aliyezungushia watu bahasha ili timu ipate jezi. Mechi ikiwa ya ugenini, yeye ndiye anayebembeleza mwenye matatu awabebe vijana kwa bei nafuu.

Mshahara wake? Sufuri.

Mtaani wengine humcheka. Husema hana kazi, au labda anatafuta kiti cha siasa. Siku hizi kijana akionyesha kipaji, swali la kwanza ni atalipwa pesa ngapi. Si kosa kuuliza hivyo. Maisha ni magumu, na unga haununuliwi kwa makofi ya mashabiki. Lakini hebu tujiulize: mchezo ungekuwa wapi kama kila mtu angengoja kulipwa kwanza?

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanalijibu swali hili vizuri kuliko mengi niyajuayo. Hakuwa Mkenya na mchezo wake haukuwa soka. Alikuwa Mmarekani aliyeitwa Robert Tyre Jones, ambaye dunia nzima ilimjua kama Bobby Jones. Mchezo wake ulikuwa gofu.

Najua, gofu si mchezo wa kwetu hasa. Viwanja vilivyo karibu nasi viko Kitale, Eldoret na Kakamega mjini, na wengi wetu tumeviona tu kupitia dirisha la matatu: nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi, na watu wawili watatu wakitembea polepole na fimbo zao. Kwa hivyo kabla hatujaendelea, tuelewane. Gofu huchezwa kwenye mashimo 18. Unapiga kijipira kwa fimbo hadi kiingie shimoni, kisha unaenda shimo linalofuata. Anayetumia mipigo michache zaidi ndiye mshindi. Kisha kuna jambo moja la kukumbuka, maana ndilo litakalotuonyesha Jones alikuwa mtu wa aina gani: mara nyingi mchezaji wa gofu hana refa wa kumfuata nyuma. Ukikosea, wewe mwenyewe ndiye wa kujishtaki.

Mtoto mgonjwa, kijana mwenye hasira

Jones alizaliwa Machi 17, 1902, mjini Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa wakili. Utotoni alikuwa dhaifu sana, tumbo lilimsumbua na kwa miaka kadhaa hakuweza kula chakula kigumu kama watoto wengine. Wazazi wake wakaamua kumpeleka nje ya mji wakati wa kiangazi, karibu na klabu ya East Lake, apate hewa safi.

Huko ndiko gofu ilimpata. Hakuwahi kuketi darasani kufundishwa mchezo huo. Alikuwa akimfuata nyuma Stewart Maiden, mchezaji wa kulipwa kutoka mji wa Carnoustie kule Scotland aliyeajiriwa na klabu hiyo, akimwangalia anavyosimama na anavyozungusha fimbo. Akifika nyumbani anaiga. Ni kama watoto wetu wanavyojifunza kuendesha baiskeli kwa kumwangalia kaka mkubwa. Alipofika umri wa miaka sita alikuwa ameshinda mashindano madogo ya watoto pale klabuni.

Mwaka wa 1916, akiwa na miaka 14 tu, alishinda ubingwa wa ridhaa wa jimbo la Georgia. Mwaka huo huo akaenda uwanja wa Merion, Pennsylvania, kushiriki ubingwa wa ridhaa wa Marekani nzima, ambako alifika robo fainali. Magazeti yakaanza kumwandika. Mtoto alikuwa noma.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mashindano makubwa yalisimamishwa. Jones na vijana wenzake wachache walizunguka mji baada ya mji wakicheza mechi za maonyesho, na pesa za viingilio zikaenda kwa shirika la Msalaba Mwekundu. Alikuwa bado hajatimiza miaka 17. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunamwona akicheza ili wengine wafaidike.

Lakini tusimpake mafuta kupita kiasi. Kijana huyu alikuwa na hasira mbaya. Akikosa mpigo alirusha fimbo na kufoka. Mwaka wa 1921 alikwenda St Andrews, Scotland, mji unaochukuliwa kuwa nyumbani kwa gofu, kucheza British Open kwa mara ya kwanza. Siku ya raundi ya tatu mambo yalimwendea kombo. Kwenye shimo la 11 mpira ukazama kwenye mtego wa mchanga, akapiga, akapiga tena, mwishowe akakata tamaa na kuacha mashindano katikati. Mbele ya watu wa St Andrews, hiyo ilikuwa aibu kubwa. Mwaka huo huo, nyumbani Marekani, fimbo aliyoirusha kwa hasira ilimgonga mtazamaji mmoja mwanamke mguuni. Chama cha gofu cha Marekani kikamwandikia barua: asipojifunza kujizuia, hatacheza tena mashindano yake.

Wengi wetu tungekasirika zaidi. Jones aliona aibu, akajirekebisha. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini baada ya hapo dunia ilimjua kama mmoja wa wachezaji watulivu na wenye adabu zaidi uwanjani. Anayefikiri tabia haibadiliki na atazame hapa.

Mpigo mmoja ambao hakuna aliyeuona

Mwaka wa 1923 alishinda US Open kule Inwood, New York. Kuanzia hapo hadi 1930 alishiriki mashindano makuu 21, akashinda 13. Yaani katika kila mashindano matano aliyoingia, alishinda takriban matatu. Na wakati wote huo alikuwa mchezaji wa ridhaa. Akishinda, pesa zilienda kwa mchezaji wa kulipwa aliyefuata. Yeye alirudi nyumbani na kikombe na gharama zake za safari.

Tena hakuwa mtu wa gofu asubuhi hadi jioni. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Georgia Tech na kuhitimu 1922. Akaenda Harvard kusoma fasihi ya Kiingereza, akamaliza 1924. Baadaye akajiunga na chuo cha Emory kusomea sheria, na kabla hata ya kumaliza kozi akafanya mtihani wa uwakili, akapita. Akawa wakili kama baba yake. Kuna miezi mizima ambayo hakushika fimbo ya gofu kwa sababu alikuwa na vitabu au kesi.

Sasa tuje mwaka wa 1925, uwanja wa Worcester, Massachusetts, kwenye US Open. Raundi ya kwanza, shimo la 11. Mpira wa Jones ulikuwa umeangukia kwenye nyasi ndefu. Alipokuwa akiweka fimbo tayari kupiga, mpira ukasogea kidogo. Labda upana wa ukucha. Mwenzake hakuona. Waamuzi hawakuona. Watazamaji hawakuona. Jones akawaambia waamuzi kwamba mpira umesogea na kwamba lazima aongezewe mpigo mmoja wa adhabu.

Wakajaribu kumshawishi kwamba huenda macho yamemdanganya. Akakataa. Mpigo ukaandikwa.

Mashindano yalipoisha, Jones na Willie Macfarlane, Mskoti aliyekuwa mchezaji wa kulipwa, walikuwa sare kabisa. Bila ule mpigo, Jones angekuwa bingwa siku hiyo. Ikabidi warudiane. Wakacheza mashimo 18, wakatoka sare tena. Wakacheza mengine 18, na Macfarlane akashinda kwa mpigo mmoja.

Mpigo mmoja! Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, Jones hakufurahia sifa hizo. Kwake yeye, kufuata sheria lilikuwa jambo la kawaida tu ambalo kila mchezaji alipaswa kulifanya. Leo chama cha gofu cha Marekani kina tuzo yenye jina lake, iliyoanza kutolewa 1955, kwa watu walioonyesha uungwana katika mchezo huo. Kombe la 1925 wengi wamelisahau. Mpigo ule haujasahaulika.

Fikiria sasa mechi zetu za mashinani. Ni mara ngapi tumemwona mchezaji akijua wazi kwamba mpira umemgonga mkono, lakini anainua mabega kama vile hajui lolote? Ni mara ngapi timu imeleta mchezaji aliyemaliza kidato cha nne zamani akacheza mechi za shule kwa jina la mtu mwingine? Tunajua, bana. Na tunanyamaza kwa sababu timu yetu inashinda.

Nyumba aliyoirudisha

Kuna kisa kingine kinachomwonyesha vizuri. Mwaka wa 1926, kwenye British Open katika uwanja wa Royal Lytham, Jones alitoka kidogo kwenda hotelini, akasahau beji yake ya mchezaji. Aliporudi, mlinzi wa langoni hakumtambua na akamzuia. Jones hakugomba wala kuuliza kama mlinzi anajua anaongea na nani. Alienda kwenye foleni ya watazamaji, akanunua tiketi, akaingia. Kisha akashinda mashindano hayo.

Mwaka uliofuata alishinda British Open tena, safari hii St Andrews, pale pale alipoacha mchezo kwa hasira miaka sita kabla. Umati ukamwinua juu juu. Naye akaomba kikombe kibaki St Andrews badala ya kusafiri nacho Marekani. Watu wa mji ule hawakumsahau tena.

Karibu na wakati huo, wakazi wa Atlanta waliojivunia kijana wao walichanga dola 50,000 ili apate nyumba. Kwa miaka ile zilikuwa pesa nyingi ajabu. Chama cha gofu kikaona kwamba zawadi kama hiyo ingevunja sheria za ridhaa. Jones akarudisha pesa. Alikuwa na mke na watoto, na nyumba angeihitaji, lakini alirudisha. Wakati huo huo alikuwa akihudumu bila malipo kwenye kamati kuu ya chama hicho, akisaidia kusimamia sheria zile zile zilizomnyima nyumba.

Ndipo ukaja mwaka wa 1930. Mashindano makuu wakati huo yalikuwa manne: ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, British Open, US Open na ubingwa wa ridhaa wa Marekani. Hakuna aliyewahi kushinda yote manne kwa mwaka mmoja. Jones alishinda la kwanza St Andrews mwezi Mei. Mwezi Juni akashinda la pili Hoylake. Aliporejea nchini, New York ilimpokea kwa gwaride barabarani. Julai akashinda la tatu katika uwanja wa Interlachen, Minnesota. Na mnamo Septemba 27, kule Merion, alikoanzia akiwa na miaka 14, akamaliza kazi. Umati ulikuwa mkubwa hivi kwamba wanajeshi walilazimika kumzunguka asikanyagwe.

Nje alionekana mtulivu, lakini ndani alikuwa akiungua. Wakati wa mashindano alishindwa kula vizuri na alipungua uzani kwa kilo kadhaa ndani ya siku chache. Mwezi Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 28 tu, alitangaza kwamba anastaafu mashindano.

Miaka 28! Umri ambao wengi wetu bado tunatuma barua za kuomba kazi.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Baada ya kustaafu, Jones alilipwa kutengeneza filamu fupi za kufundisha gofu na kampuni ya Warner Bros, na baadaye akasaidia kubuni fimbo za kuuzwa. Lakini hakujificha. Alitangaza mwenyewe kwamba kwa kupokea malipo hayo anaacha haki za mchezaji wa ridhaa. Alijishtaki kama alivyojishtaki Worcester. Na hakuwahi kugeuka kuwa mchezaji wa kulipwa.

Uwanja alioujenga, na mlango aliouacha umefungwa

Angeweza kurudi kwenye kesi zake na kuacha gofu ijisimamie. Badala yake, yeye na rafiki yake Clifford Roberts, mtu wa fedha kutoka New York, walitafuta shamba la kujenga uwanja mpya. Walilipata Augusta, Georgia, kwenye kitalu cha zamani cha miti na maua. Wakamchukua Alister MacKenzie, mbunifu wa viwanja kutoka Uingereza, na Jones akawa naye bega kwa bega, akipiga mipira huku na kule ili wajue mashimo yawekwe wapi. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani na pesa hazikuonekana. MacKenzie mwenyewe alifariki Januari 1934, kabla mashindano ya kwanza hayajafanyika hapo.

Mashindano hayo yalianza Machi 1934, na Horton Smith akaibuka bingwa. Leo tunayajua kwa jina la Masters, na ni miongoni mwa mashindano makubwa zaidi ya gofu duniani. Mwanzoni Jones hakulipenda jina hilo. Aliona lina majivuno. Ingawa alikuwa amestaafu, alikubali kucheza kila mwaka kwa sababu watu walikuja kumwona yeye. Hakuwahi kushinda hapo. Aliutumia umaarufu wake kama mbegu, wengine wakavuna.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika alikuwa na umri wa miaka 40 na angeweza kubaki nyumbani. Alijiunga na jeshi, akawa afisa wa ujasusi katika kikosi cha anga, na Juni 1944 alikuwa miongoni mwa waliotua Normandy, Ufaransa. Huku nyuma uwanja wa Augusta ulifungwa na nyasi zake zikawa malisho ya ng'ombe.

Sasa tufike pale ambapo ni vigumu kumsifu. Augusta ilikuwa klabu ya Wazungu matajiri, katika jimbo lililowatenga watu weusi kisheria. Watu weusi waliingia pale kama wapishi, wahudumu na makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo. Kwa miaka mingi kila kedi pale alikuwa mtu mweusi. Walizijua nyasi zile, mteremko kwa mteremko, kuliko mabingwa waliowashauri. Lakini katika maisha yote ya Jones, hakuna mchezaji mweusi aliyecheza Masters. Charlie Sifford, mchezaji mweusi wa kulipwa, alishinda mashindano makubwa Marekani 1967 na 1969, lakini mwaliko haukumfikia. Lee Elder ndiye aliyekuwa wa kwanza, 1975, wakati Jones alikuwa kaburini. Klabu ilimkubali mwanachama wa kwanza mweusi 1990, na wanawake 2012.

Huyu ni mtu aliyeona mpira ukisogea upana wa ukucha na akasema. Dhuluma hiyo ilikuwa kubwa kuliko uwanja mzima, na hakuinua sauti yake kuipinga hadharani. Wapo watakaosema ndivyo nyakati zilivyokuwa. Labda. Lakini mwaminifu wa mambo madogo huulizwa pia kuhusu makubwa.

Sisi watu wa Likuyani tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Ardhi tunayolima mahindi leo ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi Wazungu kabla ya kukatwa vipande na kugawiwa wananchi wakati wa Uhuru. Klabu za maeneo haya wakati huo zilikuwa na mlango wa mbele kwa wengine na mlango wa jikoni kwa babu zetu. Hata hivyo, ni kupitia kubeba mifuko ambapo Waafrika wengi waliijua gofu. Leo Kaunti ya Kakamega inajivunia mchezaji wa kulipwa kama Dismas Indiza wa Mumias, aliyecheza hata nje ya nchi.

Na kuna lingine. Jones aliweza kucheza bure kwa sababu baba yake alikuwa na uwezo na yeye mwenyewe alikuwa na kazi ya uwakili. Makedi wa Augusta hawakuwa na uhuru huo. Kujitolea ni jambo zuri, lakini anayejitolea lazima naye ale. Tunapomsifu yule kocha wetu wa Jumamosi, tukumbuke kwamba yeye hana ofisi ya sheria Atlanta. Nauli ya timu inatoka kwenye mfuko wake wa mahindi.

Kiti cha magurudumu

Mwaka wa 1948 Jones alicheza raundi yake ya mwisho ya gofu. Mgongo na miguu vilikuwa vinamsumbua. Akafanyiwa upasuaji mwaka huo na mwingine 1950. Ugonjwa wenyewe uliitwa siringomielia: uvimbe wenye majimaji hutokea ndani ya uti wa mgongo na kuharibu neva polepole. Alianza kutembea na bakora, kisha magongo, hatimaye kiti cha magurudumu. Mikono iliyokuwa ikizungusha fimbo kwa ulaini uliowashangaza watu ikafika mahali pa kushindwa kushika kalamu vizuri.

Angeweza kujifungia ndani. Lakini mwaka wa 1958, nchi 29 zilipokutana St Andrews kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za ridhaa, Jones alikubali kuwa nahodha wa timu ya Marekani bila kupiga hata mpira mmoja. Alizunguka uwanja kwa kigari kidogo akiwatazama vijana wake. Marekani ilishindwa na Australia baada ya marudiano, kwa hivyo usitarajie hadithi ya kombe hapa.

Hadithi ilikuwa ukumbini. Mji wa St Andrews ulimpa uraia wa heshima, jambo ambalo Mmarekani wa mwisho kufanyiwa alikuwa Benjamin Franklin, karibu miaka 200 kabla. Alifika jukwaani kwa taabu, akazungumza bila kusoma popote kuhusu yale ambayo mji huo ulimpa tangu siku ile ya aibu ya 1921. Alipokuwa akitoka, ukumbi mzima ukaanza kuimba wimbo wa zamani wa Kiskoti wa kumwomba mpendwa arudi. Waliokuwepo walisimulia kwamba baadaye watu walishindwa kuongea kwa muda. Kila mtu alijua hatarudi.

Na kweli hakurudi. Bobby Jones alifariki Desemba 18, 1971, akiwa na miaka 69. Habari zilipofika St Andrews, bendera zilishushwa nusu mlingoti. Shimo la 10 la uwanja ule wa kale, jirani ya lile la 11 alikokata tamaa akiwa kijana, sasa linaitwa kwa jina lake.

Tukirudi kwa yule mtu wa filimbi pale Kongoni. Huenda hatawahi kupata gwaride wala shimo lenye jina lake. Lakini anafanya kile Jones alichofanya vizuri zaidi: anaushika mchezo kwa niaba ya watu ambao bado hawajaja. Na anaweza kufanya kile ambacho Jones hakufanya, yaani kuacha mlango wazi kwa kila mtoto, awe na njumu au awe peku, awe mvulana au msichana.

Wikendi hii ukipita uwanjani, mpe hata maji. Au afadhali zaidi, muulize anahitaji msaada gani. Na siku mpira utakapokugonga mkono na refa hajaona, utajua la kufanya.